Simu ya Mtumba Ina Mwenyewe

Kuna watu wakiamka asubuhi wanasoma matokeo ya mpira. Mimi nasoma matangazo ya simu na kompyuta za mtumba. Sina hela ya kununua, nasoma tu. Napenda lugha yake. "Imetumika kidogo sana." "Ya Dubai, safi kama mpya." "Haina hata mkwaruzo." "Mwenyewe anasafiri, anataka hela ya haraka." Huyu bwana anayesafiri nimeshamzoea kama jirani. Tangu nianze kusoma matangazo hayo yuko safarini, na kila wiki anauza simu nyingine.

Wadau, msije mkadhani nimekuja kuwahubiria mnunue vitu vipya dukani. Kwa mishahara ipi? Nchi hii inatembea kwa mtumba. Magari tunayopandia foleni yalianza maisha Japani, suruali zetu zilianza Ulaya, na friji la mama mwenye mgahawa ninakokula mchana limezaliwa mbali kuliko sote tunaokula pale. Hata kompyuta niliyoandikia tasnifu yangu chuoni ilikuwa Dell ya mtumba kutoka Kariakoo, mgongoni ina kibandiko cha ofisi fulani ya Uingereza, na ilinivusha mpaka siku ya joho. Nikiudharau mtumba nitakuwa nimemtukana aliyenilea.

Ninachotaka kusema leo ni kwamba simu na kompyuta ni mtumba wa aina nyingine kabisa. Kiatu cha mtumba kikishaingia mguuni kwako ni chako. Mjerumani aliyekivaa kabla yako hawezi kukifunga kamba akiwa kwao. Simu anaweza. Unaitumia, unaichaji, unaiwekea picha za mtoto wako, kumbe kuna mtu mwingine bado ameshika kamba. Na ukinunua mtandaoni, yule aliyekuuzia, ambaye ungemrudia umkunje shati, hana sura wala mlango. Yaani mwenye mali wa zamani bado yupo, na muuzaji hayupo. Hatari nyingine zote ninazozijua zinazaliwa hapo.

Tuanze na kamba yenyewe. Mwaka 2013 Apple walileta kufuli linaloifunga iPhone kwenye akaunti ya mwenyewe. Futa kila kitu ndani ya simu, ikiwaka itakuuliza nywila ya yule yule wa mwanzo. Simu za Android nazo zikapata kufuli la jinsi hiyo kwenye toleo la 5.1 mwaka 2015: ukiifuta kwa njia za panya, inadai akaunti ya Google iliyokuwemo. Makufuli haya yaliwekwa kumkomoa mwizi, na ni jambo jema. Lakini mwizi hakai na simu. Anaiuza. Anayekomolewa ni wewe uliyetuma hela.

Kuna ujanja mmoja hapa ambao watu wengi hawaujui. Muuzaji anakukabidhi simu inayofanya kazi vizuri tu, ila ndani ameacha akaunti yake. Ukiuliza anakwambia, "Wewe tumia, utaweka ya kwako baadaye." Miezi miwili inapita. Siku moja simu inajifunga na kutoa ujumbe kwamba imepotea, mwenye kuiona apige namba fulani. Ukipiga unaambiwa utume kiasi fulani ndipo ifunguliwe. Simu ileile umeinunua mara mbili, na hakuna kinachomzuia kukuuzia mara ya tatu.

Kompyuta nazo zina yao. Nyingi ya zile nzuri za bei ya kutupa zimetoka kwenye makampuni ya nje yaliyobadilisha vifaa. Kampuni ikiiandikisha kompyuta kwenye mfumo wake wa usimamizi halafu ikasahau kuifuta, siku utakayoiweka upya itakwambia kwa adabu kabisa kwamba ni mali ya kampuni fulani, ingiza jina lako la mfanyakazi. Nyingine ina nywila kule ndani kabisa, kabla hata Windows haijawaka, na fundi wa kawaida wa mtaani akiiona anaanza kukuna kichwa.

Haya, tuje kwenye namba. Kila simu ina namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 15, inaitwa IMEI. Bonyeza *#06# utaiona. Kenya walianza mapema: mwaka 2012 walizima simu bandia takriban milioni 1.9. Sisi zamu yetu ilikuwa Juni 2016, pale TCRA ilipozima simu zenye namba bandia. Wanaokumbuka wanajua jinsi watu walivyoamka na simu zilizogeuka saa za ukutani. Kabla ya siku ile wananchi walifundishwa kutuma IMEI kwenda 15090 ili kujua kama simu ni halisi. Wengi wanadhani lile lilikuwa zoezi la mwaka 2016, likapita. Kumbe faida yake kubwa ipo siku ya kununua. Jibu linalorudi linakutajia aina ya simu yenye namba hiyo. Ukiwa umeshika Samsung ya laki tano halafu jibu linakutajia kisimu cha tochi, mwachie mwenyewe simu yake, uage vizuri, uondoke.

Lakini namba kuwa halisi haina maana kwamba simu ni halali. Hili nililielewa kwa yaliyompata rafiki yangu mmoja, naye nimemwomba ruhusa ya kuyasimulia bila kumtaja.

Ni mwandishi wa kujitegemea, wale tunaowaita makorospondenti, analipwa kwa habari moja moja, na mwezi ambao habari zake hazikutoka hali mkate. Simu yake ya kwanza ilikuwa imepasuka kioo kiasi kwamba kusoma meseji ilikuwa kama kusoma gazeti lililofungia maandazi. Akaona tangazo la simu nzuri mtandaoni, shilingi 420,000, dukani ile ile ilikuwa inakaribia laki saba. Alikuwa mwangalifu kuliko wengi wetu. Alikutana na muuzaji kituo cha daladala, mchana kweupe. Akapiga *#06#, akatuma namba, jibu likarudi sawasawa. Akaingiza laini, akapiga picha, akasikiliza spika. Hela ikatoka, wakapeana mikono, kila mmoja akapanda daladala yake.

Mwezi wa nne alipigiwa simu na askari. Sauti ya upole tu: njoo kituoni na hiyo simu unayoongelea.

Simu ilikuwa imeibwa nyumbani kwa mtu, tena kwa kuvunja mlango. Mwenyewe aliripoti polisi, akatoa boksi lenye IMEI, na upelelezi ukaenda taratibu ukaja kumkuta rafiki yangu. Yeye hakuwa na risiti. Hakuwa na jina la muuzaji zaidi ya lile la kwenye tangazo, na tangazo lilishafutwa. Namba aliyotumia hela ilikuwa imesajiliwa kwa jina la bibi mmoja wa mkoani ambaye huenda hajui kama ana laini hiyo. Alikaa benchi la kituo tangu saa tatu asubuhi mpaka giza likaingia, akijieleza kwa askari tofauti watatu kwamba yeye si mvunja nyumba. Kwa Kanuni ya Adhabu yetu, kupokea mali ya wizi huku ukijua au ukiwa na sababu ya kujua ni kosa la jinai, na swali la kwanza aliloulizwa ndilo gumu kuliko yote: "Bei hiyo haikukushtua?"

Alitoka kwa dhamana ya shemeji yake. Simu ikabaki kama kielelezo.

Na hapo, wadau, ndipo habari inapokuwa mbaya. Ndani ya simu ile kulikuwa na kazi yake ya miezi mitatu kuhusu fidia za ardhi kwenye kijiji kimoja. Kulikuwa na sauti alizorekodi, picha za nyaraka, na meseji za mtumishi wa serikali ya kijiji aliyempa nyaraka hizo kwa masharti kwamba asijulikane kamwe. Hapakuwa na aliyezichukua kwa nia mbaya. Simu ilichukuliwa kwa kosa lisilohusiana kabisa na habari ile. Lakini ilikuwa kwenye droo ya mtu mwingine, nywila yake ameshaisema kwa sababu aliombwa kuthibitisha kwamba anaitumia yeye, na yule mtumishi kule kijijini hajui chochote.

Akaamua amtahadharishe. Kwa simu gani? Ya kuazima ilipatikana. Kwa namba ipi? Nani siku hizi anakariri namba za watu? Ikabidi asubuhi yake apande basi mpaka kijijini kumwambia ana kwa ana. Yule mtumishi alimsikiliza, akamshukuru kwa kusafiri, halafu akamwomba asimpigie tena. Habari ile haijatoka mpaka leo. Ukiniuliza simu ya 420,000 iligharimu kiasi gani, siwezi kukupigia hesabu.

Mimi sisemi rafiki yangu alikosea. Alifanya karibu kila kitu tunachoshauriwa kufanya. Kilichokosekana ni kimoja: mtu wa kumrudia.

Na msidhani utapeli umeletwa na intaneti. Wazee wa Kariakoo watakwambia habari za watu kuuziwa sabuni. Unaonyeshwa simu, unaishika, inafungwa kwenye boksi mbele ya macho yako, ukifika Mbagala ukifungua unakuta mche wa sabuni umekaa vizuri kama uko msibani. Hiyo ipo tangu zamani. Tofauti ni kwamba yule wa sabuni ilibidi asimame pale, ajasho, ahofie kelele za "mwizi!". Wa mtandaoni anafanya kazi hiyohiyo akiwa amejilaza kitandani, na kwa siku moja anaongea na wateja thelathini wa mikoa kumi. Picha amezichukua kwenye ukurasa wa mtu mwingine. Maoni ya wateja ameyafunga. Kwa wa mkoani wimbo ni uleule: tanguliza nusu, mzigo unapanda basi la jioni. Utatumiwa hata picha ya risiti ya basi. Hela ikishatumwa kwa simu, ndani ya dakika chache imeshatolewa kwa wakala.

Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulioanza Mei 2019, wengi tuliamini matapeli wamekwisha. Wako wapi waliokwisha? Laini zinasajiliwa kwa majina ya watu wasiojua. Ndiyo maana nawasihi mpige *106# mara mojamoja, muone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu. Huenda wewe ndiye bibi wa mkoani kwenye kesi ya mtu mwingine.

Sasa neno "refabishi". Hili neno limekuwa kama "asili" kwenye asali. Kila chupa inalo. Kuna simu iliyorudishwa kwa mtengenezaji, ikafunguliwa, ikabadilishwa betri, ikapimwa, ikauzwa na dhamana ya maandishi. Hiyo ni refabishi kweli. Na kuna simu iliyofutwa kwa spiriti, ikabandikwa kioo cha bei ndogo, ikawekwa kwenye boksi jeupe. Nayo inaitwa refabishi. Zile herufi A, B, C za ubora kila muuzaji anajitungia mwenyewe. Hata afya ya betri usiishangilie sana. Apple wenyewe walisema betri za iPhone 14 na za kabla yake ziliundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa mizunguko 500, kwa hiyo simu ya miaka minne inayoonyesha asilimia 100 ama imebadilishwa betri ama imefundishwa kusema uongo. Vifaa vya kuifundisha mafundi wanavyo. Kwenye iPhone za karibuni, tangu toleo la 15.2 la mwaka 2021, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, utaona kama betri au kioo kimebadilishwa na kama kilichowekwa kinatambulika.

Halafu kuna mambo ya kijiografia. iPhone za soko la Marekani kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022 hazina tundu la laini kabisa, ni laini ya kielektroniki tu. Ukiwa hujui utaizungusha simu mpaka kizunguzungu. Vifaa vya umeme vya Marekani vimezoea volti 120, hapa kwetu ni 230. Televisheni ya namna hiyo unaweza kuiona ikiwaka mara moja tu.

Upande wa pili wa shilingi tunausahau kabisa: ili tununue simu nyingine, tunauza tuliyonayo. Mwaka 2003 wanafunzi wawili wa MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha utafiti wao wa diski 158 za kompyuta walizonunua za mtumba. Waliweza kuzisoma 129. Zilizokuwa zimefutwa inavyotakiwa zilikuwa 12 tu. Humo walikuta namba za kadi za benki zaidi ya 5,000, na diski moja ilionekana imetoka kwenye mashine ya kutolea fedha. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Kanada walinunua diski kule Tema, Ghana, kwa dola 40, wakaikuta na nyaraka za Northrop Grumman, kampuni ya silaha ya Marekani, kuhusu mikataba ya serikali. Kama kampuni ya silaha inasahau kufuta diski, wewe na mimi je? Simu za siku hizi zinaficha data vizuri zaidi, lakini zinahitaji uzifute mwenyewe na utoe akaunti yako. Ukiacha, wewe ndiye unayebaki umeshika kamba kwenye simu ya mtu aliyekulipa kihalali.

Tufanyeje basi? Mimi siku hizi nina mambo machache, na huwa nawaambia hata vijana wanaoingia chumba chetu cha habari.

Kwanza, futa simu pale pale mbele ya muuzaji, kisha iwashe upya mpaka uingize akaunti yako. Mwenye simu halali hatakataa. Itachukua dakika kumi. Anayesema ana haraka, mwache awahi.

Pili, nunua kwa mtu mwenye mlango. Mtandao utumie kutafuta bei, lakini malipo yafanyike pale ambapo kesho utaweza kurudi. Kama ni mkoani na huwezi kufika, tuma ndugu au rafiki aende dukani akaishike. Hela isitangulie mzigo, hata kama ni nusu.

Tatu, risiti. Tumezoea kuona "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" ni shida ya TRA. Risiti ya mashine yenye jina la duka na IMEI iliyoandikwa kwa peni chini yake ndiyo ingemtoa rafiki yangu kituoni kabla ya chai ya saa nne. Mkinunua kwa mtu binafsi, andikianeni hati ya nusu ukurasa, piga picha kitambulisho chake, na shahidi awepo. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Akikataa kuandika, ameshakueleza kila kitu.

Nne, ukitapeliwa, ripoti. Namba ya tapeli tuma kwenda 15040, nenda na polisi. Najua wengi tunaona aibu, msomi mzima kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Aibu hiyo ndiyo mtaji wao.

Tuna Tume ya Ushindani chini ya sheria ya mwaka 2003, tuna sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2015, na sheria ya mauzo ya bidhaa ya tangu enzi za mkoloni. Zote zinahitaji jina na anwani ya kumshtaki. Kwa hiyo tofauti ya bei kati ya simu ya dukani na ya kwenye tangazo mara nyingi ni bei ya anwani hiyo. Mtu mwenye hela anaweza kuipoteza laki nne akanuna wiki moja. Korospondenti akiipoteza amepoteza kodi ya chumba, na wakati mwingine amempoteza mtu aliyemwamini.

Nimeangalia tena asubuhi hii. Yule bwana bado anasafiri, safari hii anauza kompyuta. Mkimpigia, kabla ya kuuliza bei ya mwisho, muulizeni mlango wake uko wapi.